Kivumishi Kimoja na Firigisi ya Mzee Mukhwana

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimedanganya, lakini kwa sababu nzuri. Naandika hapa nyuma ya magunia ya mbolea, Kinuthia akiwa ametoka. Kinuthia ndiye mwenye hili duka la agroveti. Mimi ndiye ninayeliendesha. Yeye anadhani ni kinyume.

Mambo yenyewe ni haya. Brigid amekubali nikaonekane kwao Kapseret. Jumamosi hii! Miaka miwili nimengoja aseme hivyo. Baba yake, Mzee Mukhwana, akiniona nafaa, atataja siku na wazee wangu watakwenda kuzungumza mambo ya mahari. Asiponiona nafaa, basi. Brigid amenieleza wazi kwamba hataolewa bila neno la babake, na alisema hivyo akinitazama machoni ili nisije nikajifanya sikusikia.

Sasa huyu mzee. Mwalimu mkuu mstaafu. Mtu wa Bungoma kama sisi, alikuja huku Eldoret kufundisha kabla sijazaliwa, akapata kashamba, akabaki. Alipokuwa sekondari alifundishwa na bruda mmoja kutoka Ayalandi, Bruda Fintan, na tangu hapo hajapona. Anasoma Kiayalandi. Si Kiingereza cha huko, hapana. Ile lugha yao wenyewe ya zamani. Ana kitabu kimoja chakavu cha sarufi, anakisoma kila jioni baada ya chai, na hana hata mtu mmoja wa kuongea naye. Binti naye akaitwa Brigid, jina la mtakatifu wa kwao bruda.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini leo hapa dukani Brigid akasema, kwa kupitia tu, kwamba siku hizi mzee amempata Kipyego wa kumsikiliza.

Nikauliza Kipyego ni nani. Eti jirani. Ana ng'ombe wa maziwa. Anawapelekea maziwa kila jioni, na akishamimina anaketi saa nzima mzee akimsomea. Mzee anampenda sana. Ni kijana mpole, Brigid akaongeza. Hilo la upole halikuwa na haja ya kuongezwa.

Hapo ndipo ulimi ukateleza. Nikamwambia Kiayalandi mimi nakijua.

Akauliza tangu lini. Nikasema tangu zamani, ni vile sipendi kujigamba. Akaniambia nitaje neno moja. Macho yakaangukia katoni ya dawa ya minyoo ya ng'ombe, imetengenezwa huko huko Ayalandi, na kwenye anwani kuna mahali penye jina lenye neno Mór. Nikasema: mór. Akauliza maana yake. Nikasema ni neno zito, halielezwi mtu akiwa amesimama.

Brigid akacheka. Akasema, "Wangila, si uende tu umwambie wewe huuza chakula cha kuku? Baba hana shida na mtu."

Masikini Brigid. Ni mwalimu mzuri lakini hajui wanaume wanavyopimwa.

Jumanne, 3 Juni

Nimefanya utafiti kwenye simu tangu asubuhi. Mór ni kivumishi! Maana yake ni kubwa. Mungu yuko upande wangu, kwa sababu hakuna mazungumzo duniani ambayo hayana kitu kikubwa ndani yake.

Mpango umezaliwa saa nne kasorobo, kati ya mteja wa mbegu za sukuma na mteja wa dawa ya kupe. Lugha nzima siwezi kuijua kufikia Jumamosi. Lakini neno moja naweza. Nitalichimba hili neno kama kisima, mpaka mzee akichungulia aone maji tu na adhani ni ziwa.

Halafu nikagundua kisima ni kirefu. Mwanamume mkubwa ni fear mór. Vizuri. Mwanamke mkubwa si bean mór. Ni bean mhór, na ile m haitamkwi tena m, inakuwa v, au w, kutegemea unatoka upande gani wa nchi yao. Neno limebadilika mbele, sababu ni mwanamke! Wanaume wakiwa wengi ni fir mhóra. Wanawake wakiwa wengi ni mná móra, na hapo m inarudi mahali pake kana kwamba haikuwahi kuondoka. Ukisema cha mwanamume mkubwa, ni móir. Cha mwanamke mkubwa, móire. Na kitu kikiwa kikubwa zaidi, neno linakatwa mkia linabaki mó.

Mwanzoni nilikasirika. Halafu nikakumbuka sisi wenyewe tuna mkubwa, wakubwa, kikubwa, makubwa, na hakuna Mwayalandi aliyewahi kulalamika kwangu. Nikatulia.

Nimeandika yote kwenye bahasha ya mbegu za kabichi.

Kasoro ndogo: Mama Chebet, mteja wetu wa Jumanne, alikuja kununua chakula cha vifaranga nami nikampa cha kuku wa mayai, kwa sababu nilikuwa katikati ya móire. Amerudi saa nane na gunia kichwani. Kinuthia aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema nasoma. Akasema kwa sauti ya huruma kwamba basi afadhali ningekuwa naumwa.

Jumatano, 4 Juni

Leo asili ya neno. Mzee aliyefundisha miaka thelathini hatatosheka na maumbo, atataka ukoo. Nimepata. Zamani za kale Waayalandi walisema mór au már. Kabla yao kulikuwa na babu wa lugha zote za jamii ile, na wataalamu wanadhani yeye alisema maros. Huko Welisi, ambako ni ng'ambo ya maji tu kutoka Ayalandi, ndugu yake neno hili anaitwa mawr. Hata watu wa kale wa Ufaransa walikuwa na majina yaliyoishia na maros, wakubwa wakijiita wakubwa.

Nikafurahi kweli. Sikutarajia kufurahi. Neno limetembea miaka elfu mbili na zaidi likaja kuishia kwenye katoni ya dawa ya minyoo Eldoret. Nilitaka kumwambia mtu. Nilimwambia Kinuthia. Akaniambia nipange majembe.

Mchana nimejenga madaraja. Yaani mzee akianza habari yoyote, nimvushe mpaka kwa mór. Akitaja mvua: mvua kubwa. Akitaja ng'ombe: bó mhór, maana ng'ombe kwao ni wa kike. Akitaja nyumba: teach mór. Akimtaja Bruda Fintan: fear mór, na hapo nitashusha sauti kidogo, kwa heshima. Sioni njia anayoweza kupita akanikwepa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwona adui.

Nilijipa safari ya kupeleka chumvi ya ng'ombe Kapseret, ambayo hakuna aliyeiagiza. Nikapita njia ya kwa kina Brigid, polepole. Kijana mrefu alikuwa anatoka langoni na mtungi wa maziwa mtupu. Ni yeye. Viatu vya gumbuti, koti limeshonwa begani, meno meupe. Tyson, mbwa wa mzee, alikuwa anamfuata akitikisa mkia. Mimi nilibwekewa.

Kipyego akanisalimia kwa mikono miwili. Akauliza kama nimepotea. Nikasema mimi huwa sipotei. Akaona chumvi, akasema, "Aki wewe ni malaika, yangu iliisha jana," akainunua yote. Sasa nimerudi dukani nikiwa nimemhudumia adui, na Kinuthia amenisifu kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Nilimuuliza, kama mtu asiyejali, kama anaelewa hicho Kiayalandi cha mzee. Akasema hata neno moja. Yeye hukaa tu, kwa sababu mzee akisoma hufurahi, na nyumba yenyewe ina moto mzuri.

Mjanja sana huyu.

Ijumaa, 6 Juni

Baba Mdogo amekuja chumbani kwangu Langas kunifunda. Ndiye atakayeongoza wazee wangu siku ikifika, kwa hivyo anajiona amepewa serikali. Alikalia kitanda, mimi nikakalia ndoo.

Akasema nisimpe mkono mama mkwe. Najua. Nisikae karibu naye. Najua. Nisivue viatu kama soksi ina tundu. Hilo ni la kwake mwenyewe, si la mila. Nisiongee sana. Nikiulizwa kazi, niseme kazi. Kisha akakohoa na kusema watachinja kuku, na kwenye kuku kuna firigisi, na firigisi, kama ninavyojua...

Hapo nikamkatiza. Nilikuwa na móir na móire zinanichanganya na siku imebaki moja. Nikamwambia Baba Mdogo mimi nimezaliwa Bungoma, nimelelewa kwa kuku, kuna mtoto gani wa kwetu asiyejua kwamba firigisi ni ya mwenye boma, na kwamba ukiigusa umemwambia mwenye nyumba kuwa hayupo? Nilijua hayo kabla sijajua jina langu la ubatizo. Tusonge mbele.

Akaniambia kichwa changu kinaonekana kimejaa kitu. Nikamwambia kimejaa elimu. Akasema ndicho anachoogopa, akachukua kofia yake akaenda.

Jumamosi, 7 Juni

Ushindi! Naandika nikiwa bado na suti. Niandike kwa utaratibu.

Nimefika saa sita na nusu. Mama Brigid sikumpa mkono, nilisimama mbali nikainamisha kichwa, safi kabisa. Mzee Mukhwana ni mfupi kuliko nilivyodhani, sweta ya kijivu, miwani imefungwa na uzi. Kipyego alikuwepo! Alileta maziwa, mzee akamkataza kuondoka kabla ya kula. Akapewa kiti cha mlangoni. Brigid alikuwa anaingia na kutoka jikoni, amevaa kitenge cha buluu, akinitazama kama anayetazama mtu anayepanda ngazi mbovu.

Mzee akaanza na mvua. Nikavuka naye papo hapo. Nikasema mvua ni kubwa, na kwamba Waayalandi wangesema mór.

Akaweka kikombe chini. Akaniuliza nimesema nini. Nikarudia. Akatoa kitabu kwenye mfuko wa plastiki, akanionyesha. Mchwa walikula kitabu hicho kuanzia sura ya vivumishi! Majina yapo, vitenzi viko nusu, vivumishi ni unga. Akasema ni miaka tisa sasa hana vivumishi. Kidogo nilie kwa furaha. Kati ya mashimo yote duniani, shimo la mzee lilikuwa na umbo langu hasa.

Nikamwaga. Fear mór, bean mhór, fir mhóra, mná móra. Mzee akachukua kalamu. Nikampa móir. Nikampa móire. Akawa anaandika kama mwanafunzi, ulimi nje kidogo. Nikampa babu maros na ndugu yake mawr. Kipyego akasema, "Kumbe!" Brigid akasimama mlangoni na sinia, na niliona ameshangaa, na nikajua nimeoa.

Chakula kikaletwa katikati ya somo. Kuku wa kienyeji, bakuli moja kubwa mbele yetu, ugali, mboga. Tukanawa. Mzee alikuwa bado anaandika. Bakuli likampitia Kipyego, akachukua shingo, sijui kwa nini mtu achukue shingo, na kwa kijiko akasogeza vipande vingine upande wa mzee. Ushamba.

Ndipo mzee akauliza kuhusu kubwa na kubwa zaidi. Kitu kama hicho hakielezwi bila vielelezo, na mimi ni mwalimu wa kuzaliwa. Nikainua paja la kuku: hili ni mór. Nikainua kifua: hiki ni kikubwa zaidi, níos mó. Sasa ili ukubwa wa mór uonekane nilihitaji kitu kidogo. Nikatafuta kwenye bakuli, nikapata kipande kidogo cha mviringo upande wa mzee, nikakiinua juu wote wakione, nikasema ukilinganisha na hiki, paja ni kubwa. Na kwa kuwa kilikuwa tayari mkononi, nikakila, nikaendelea na somo.

Nyumba ikawa kimya. Hivyo ndivyo mtu anavyojua amefundisha. Mama Brigid alishusha upawa polepole. Kipyego akatazama viatu vyake. Mzee akaifunika kalamu yake na kuirudisha mfukoni, akizama katika yale aliyojifunza.

Nilipoondoka mzee alikuwa ameshaingia chumbani kupumzika. Elimu nyingi kwa siku moja inachosha. Brigid alinisindikiza mpaka langoni bila kusema chochote. Nadhani ni hisia.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Padre alihubiri jinsi ndimi zilivyowashukia mitume. Nikatabasamu peke yangu.

Brigid hakukaa upande wetu. Baada ya misa nikamfuata penye mabomba ya maji. Alikuwa amelia. Nikamuuliza kama baba amefurahi kupita kiasi.

Akasema, "Wangila, ulikula firigisi ya baba."

Nikasema haiwezekani. Akasema niliinua juu kwanza, watu wote wakaiona, ndio nikaila. Akasema katika maisha yake yote hajawahi kuona mtu akiila firigisi ya mwenyewe mbele ya mwenyewe huku akimfafanulia udogo wake. Kipyego, ambaye ni Mkalenjin na hana habari na mila zetu, alikuwa ameisogeza kwa baba kwa kijiko ili isiguswe na mkono. Mimi wa Bungoma ndiye niliyeifuata huko.

Mzee hajaongea tangu jana. Amesema jambo moja tu, kwamba wazee wangu wasihangaike kuja.

Sina mzaha wa kuandika leo. Nilikaa nyuma ya kanisa penye matofali mpaka watu wakaisha. Sikuwa na hamu ya mór wala ya nini. Namtaka Brigid. Nimemtaka tangu siku ile alipokuja dukani kununua dawa ya kuku watatu wa mama yake, akaniuliza majina yao nitayaandika wapi kwenye risiti. Nimeila ndoa yangu, na nakumbuka hata haikuwa na chumvi ya kutosha.

Jumatatu, 9 Juni

Baba Mdogo ameshasikia. Eldoret ni ndogo. Hakunikaripia, alikaa kitandani na kucheka mpaka kofia ikaanguka, kisha akapangusa macho na kusema kwa upole kwamba dawa iko. Nichukue jogoo mmoja mzima, hai. Niende nimpe mzee kwa mikono miwili. Niseme nimekosa. Nifunge mdomo. Nirudi nyumbani.

Ushauri mzuri kwa mtu wa kawaida.

Lakini mimi nimefikiria. Nilichokula si jogoo, ni firigisi. Deni la firigisi hulipwa kwa firigisi. Na kama moja iliniharibia, je, kumi? Hiyo si fidia tena, hiyo ni heshima. Firigisi móra! Nimeongea na mama mmoja sokoni anayechinjia hoteli kuku. Kesho ataniwekea kumi, safi, zimeoshwa.

Kinuthia ameuliza kwa nini natabasamu. Nimemweleza mpango. Yeye ni Mkikuyu, hahusiki, lakini ameshika kichwa kama mtu wa Bungoma kabisa.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda na beseni jeupe, firigisi kumi zimepangwa safu mbili, zimefunikwa kwa kitambaa chenye maua. Langoni Tyson alinibwekea, kisha akanusa, kisha akawa rafiki yangu mkubwa. Alinisindikiza akiruka ruka mpaka mlangoni. Firigisi tisa.

Mzee alikuwa ameketi penye moto na kitabu chake. Kipyego yuko kwenye kiti cha mlangoni, kama kawaida, kama amepigiliwa misumari. Nikapiga magoti. Nikaweka beseni miguuni pa mzee, nikafunua kitambaa.

Mzee aliinama kuchungulia. Mama Brigid akaja kuangalia, akarudi jikoni haraka na mkono mdomoni. Kisha mzee akavua miwani, akauliza, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kuku wenyewe wako wapi.

Nikasema kuku walibaki sokoni.

Akasema, "Kwa hiyo kuna wenye maboma tisa hapa mjini ambao leo usiku watakula kuku wasio na firigisi, na ni wewe umewafanyia hivyo. Kijana, ulianza na mimi. Sasa unamaliza kaunti?"

Sikuwa nimelitazama upande huo. Nilitaka kusema firigisi zilikuwa kumi, moja imeliwa na Tyson, lakini nikajizuia. Nahesabu hilo kama ukomavu.

Halafu mzee akasema basi, tuyaache hayo, yeye ana swali moja. Juzi nilimpa kubwa. Sasa anaomba ndogo. Ndogo kwa Kiayalandi husemwaje, na maumbo yake ni yapi?

Madaraja yote niliyojenga yalikuwa yanaelekea upande mmoja. Nikajaribu. Nikasema ndogo ni kama kubwa, lakini kinyume. Mzee akangoja. Moto ukalia. Brigid alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na sikuweza kumwangalia.

Nikasema sijui. Nikasema ninajua neno moja tu. Nililitoa kwenye katoni ya dawa ya minyoo, nikalisoma siku nne kwa sababu ya wivu, kwa sababu niliambiwa Kipyego anakaa hapa na wewe unafurahi, na mimi sikuwa na kitu cha kukufurahisha isipokuwa chakula cha kuku. Nilisema yote bila kupumua, nikiwa bado nimepiga magoti, mbele ya firigisi tisa.

Kipyego ndiye aliyeanza kucheka. Si kwa ubaya. Akasema yeye Agosti anamuoa Chepkorir wa Kesses, na mzee ndiye anayemsaidia kuandika hotuba, hiyo pia ndiyo maana hukaa. Saa nzima kila jioni kwa ajili ya hotuba! Lakini hilo ni la baadaye.

Mzee yeye hakucheka. Akatoa daftari la zamani, si kile kitabu, daftari la shule lenye jalada la kahawia. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa mtoto wa shule: fear mór, bean mhór, fir mhóra, mná móra. Ndilo neno la kwanza Bruda Fintan alilowaandikia ubaoni, kidato cha pili. Analijua kuliko mimi. Siku ile aliandika tu ili aone kama nitafika mwisho.

Akasema mchwa walikula vivumishi kweli, lakini hilo moja halikuwa kitabuni, lilikuwa kichwani. Akasema tangu Bruda Fintan arudi kwao miaka arubaini na moja iliyopita, hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo kwa mdomo. Watoto wake wanamvumilia. Kipyego anaota moto. Mimi nililifuata mpaka kwa mababu zake, hata yale ya maros na mawr yeye hakuwa anayajua. Alipokuwa anaandika hayo, kwa dakika chache, alikuwa amesahau kabisa kwamba ana njaa.

Kisha akasema, "Halafu ukala firigisi yangu."

Sasa wakacheka wote, na mzee mwenyewe mwisho, akipangusa miwani. Brigid alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia la mahindi. Sijawahi kufurahi hivyo nikichekwa.

Hukumu ni hii. Nilete jogoo hai, mikono miwili, maneno machache, yaani vile vile alivyosema Baba Mdogo, ambaye hatapata kujua. Wazee wangu waje Jumamosi tarehe ishirini na moja. Na siku hiyo mimi nisiseme neno hata moja. Mzee amesisitiza: si kwa Kiswahili, si kwa Kiayalandi. Nikae, nile nitakachopewa, ninyamaze.

Nimekubali. Nilimpa mkono kwa mikono miwili. Ningempa hata miguu.

Alhamisi, 12 Juni

Jogoo amepelekwa na kupokelewa. Nilisema maneno saba tu, nimehesabu. Mzee amempa jogoo jina la Mór. Brigid alinishika mkono mpaka stendi. Nimebadilika. Nimekuwa mtu wa kunyamaza, mtu wa kusema ukweli. Hata Kinuthia ameona. Leo nimeuza chakula cha vifaranga kwa mwenye vifaranga.

Brigid amepiga simu saa tisa kupanga mambo ya Jumamosi ile. Watakuwepo wajomba wawili, majirani, na shangazi yake mkubwa wa Ainabkoi, dada ya mzee, ambaye neno lake lina uzito kuliko la mzee mwenyewe. Mgumu sana huyo mama. Hakuna mchumba aliyewahi kumpendeza mara ya kwanza. Jambo moja tu humlainisha: zamani alifanya kazi miaka kumi na daktari mmoja kutoka Welisi, na mpaka leo akisikia habari za Welisi, macho yake hung'aa.

Welisi. Ng'ambo ya maji tu.

Nilinyamaza kwenye simu. Nahakikisha hilo limeandikwa: nilinyamaza kwa muda mrefu kabisa. Halafu nikamwambia Brigid asiwe na wasiwasi, kwa sababu Kiwelisi mimi nakijua kidogo.

Simu ikakatika. Nadhani ni mtandao.

Nina siku tisa. Neno lenyewe tayari ninalo, ni mawr, kazi ni maumbo tu, na bahasha za kabichi zipo. Ahadi kwa mzee naiheshimu, alitaja Kiswahili na Kiayalandi, Kiwelisi hakukitaja. Nimemtumia Brigid ujumbe pia kuhusu chakula, ili aone nimejifunza: bakuli la kuku liwekwe mbali nami kabisa, upande wa pili wa meza, isipokuwa nitakapohitaji kitu kidogo cha kuonyeshea.